Jinsi ya Kukokotoa Mgongano wa Vitu Viwili
Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, chagua mwelekeo mmoja uwe chanya, kwa sababu momenta, yaani tungamo la kitu likizidishwa kwa kasi yake, ina mwelekeo, na alama ya kutoa ikisahauliwa jibu lote huharibika.

Tuseme kigari cha kilo 2 kinachokwenda kulia kwa mita 3 kwa sekunde kinagongana na kigari cha kilo 1 kinachokwenda kushoto kwa kasi hiyo hiyo, kisha vinanasana. Momenta ya jumla ni 2 × 3 + 1 × (−3) = 3; iwapo hakuna kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ya nje, haibadiliki, hivyo kilo 3 za pamoja zitakwenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde. Usidhani kwamba nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, nayo imehifadhiwa: imeshuka kutoka jouli 13.5 hadi 1.5, na sehemu kubwa ya iliyopotea imegeuka joto.

Ukitaka kani, tafuta badiliko la momenta la kigari kimoja, ambalo huitwa impalsi. Kigari chepesi kimetoka −3 hadi 1, yaani 4. Mguso ukidumu sekunde 0.1, kani ya wastani ni 4 ÷ 0.1, yaani nyutoni 40. Kwa kuwa momenta ya jumla haibadiliki, kigari kizito lazima kipate −4. Kisipopata, rudia hesabu.