Somo: Msongo wa mazingira kwenye chachu inayotengeneza protini ya kupandikiza

Chachu ikitoa protini kidogo, wengi hukimbilia jeni: promota (swichi ya kuwasha jeni) inabadilishwa, nakala za jeni zinaongezwa, kazi inaanza upya. Nami nilipoteza miezi kwa njia hiyo, kumbe tatizo lilikuwa hewa ndani ya chupa. Ndiyo maana nawaomba, kabla hamjagusa jeni, chunguzeni seli zinaishije mle mlimoziweka.

Nazungumzia Pichia pastoris, ambayo siku hizi huitwa pia Komagataella phaffii, yenye promota ya AOX1 inayowashwa na methanoli, na protini inayotolewa nje ya seli.

Kwanza tuelewe kinachotokea ndani. Protini ya kutolewa nje hupita kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) ili ikunjwe, yaani ipate umbo lake. Protini msaidizi Kar2 huishika isishikamane na nyingine, na kimeng'enya Pdi1 huunga madaraja ya salfa, yaani viungo vinavyoimarisha umbo lake. Kazi ikiwazidi, protini ambazo hazijakunjwa hurundikana. Hapo Ire1, kihisi cha msongo huo, hukata ujumbe (RNA) wa jeni ya HAC1, ligasi ya tRNA huunga vipande upya, na protini ya Hac1 inayopatikana huwasha jeni za wasaidizi zaidi. Dharura hiyo huiokoa seli, lakini isipokwisha, protini ile ile mnayoitafuta hutolewa kwenye retikulamu na kuvunjwa.

Kuna jambo watu hulisahau. Madaraja ya salfa yanapoundwa kwa msaada wa kimeng'enya Ero1, haidrojeni peroksaidi huzalishwa. Methanoli nayo ikioksidishwa hutoa peroksaidi hiyo hiyo, pamoja na formaldehidi. Yaani kabla joto halijapanda wala chumvi haijaongezwa, seli tayari imebeba mzigo.

Hatua ya 1. Andaa chupa za kulinganisha, mojawapo ikiwa na chachu yenye plazimidi tupu (kibeba jeni kisicho na jeni ya protini yako). Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukishusha joto na kubadili pH siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

Hatua ya 2. Kuza kwa gliseroli kwenye nyuzi 30, kisha tenganisha seli na uziweke kwenye mchuzi (kimiminika cha kukuzia) wa methanoli, OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ikiwa karibu 1. Gliseroli ikibaki nyingi, AOX1 haiwaki.

Hatua ya 3. Joto. Gawa seli hizo kwenye nyuzi 30, 25 na 20. Kupita 32 wakati wa kuzalisha ni kuharibu, na seli zinaweza kufa. Joto likishuka, protini hutengenezwa polepole na wakunjaji wanaimudu kazi. Seli chache hufa, hivyo vimeng'enya vya kukata protini vinavyovuja kutoka kwenye vakuoli (vifuko vya ndani ya seli) hupungua. Oksijeni nayo huyeyuka vizuri zaidi. Ukiwa na muda wa jaribio moja tu, fanya hili.

Hatua ya 4. Hewa. Usijaze chupa. Mchuzi usizidi 10 hadi 30% ya ujazo wake, na chupa yenye mikunjo ya ndani ni bora. Ongeza methanoli 0.5% kila baada ya saa 24, kwa kuwa huliwa na pia huvukiza. Kumimina nyingi ili kuharakisha ni kuitia seli sumu.

Hatua ya 5. pH na chumvi. Pichia huvumilia pH 3 hadi 7, kwa hiyo chagua ile ambayo protini yako haikatwi. Chumvi ikizidi, njia ya Hog1 (mfumo wa seli wa kukabili chumvi) huwaka na seli hutengeneza gliseroli kujilinda, kwa gharama ya nishati.

Hatua ya 6. Chukua sampuli kila saa 24. Pima protini ndani ya seli na kwenye mchuzi, na hesabu seli zilizokufa kwa rangi ya methilini bluu. Protini ikijaa ndani tu, imekwama njiani. Ikiwa nje vipandevipande, inakatwa. Isipoonekana kokote, sasa rudi kwenye jeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, asante kwa somo. Nilishusha joto hadi 20, mavuno yakapungua. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Kwenye baridi seli hukua polepole na hula methanoli kidogo. Ukiendelea na kipimo kile kile, inarundikana. Punguza methanoli, ongeza siku, kisha gawanya mavuno kwa uzito wa seli ndipo ulinganishe. Jaribu pia 25.

Je, upo msongo unaosaidia?

Upo, ndugu. Kwa promota ya GAP, isiyohitaji methanoli, kupunguza oksijeni kumewahi kuongeza utoaji wa vipande vya kingamwili kwenye Pichia, kwani seli huinua jeni za kuvunja glukosi na GAP ni mojawapo. Usilihamishie jambo hili kwenye AOX1. Methanoli haioksidishwi bila oksijeni.

Mwalimu, nina aina yenye nakala nyingi za jeni lakini inatoa kidogo kuliko yenye nakala moja. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, hasa kwa protini yenye madaraja mengi ya salfa. Ujumbe umeongezeka, wakunjaji ni wale wale. Pima KAR2 (jeni ya Kar2) kwenye aina zote mbili. Ikiwa imepanda sana kwenye ile ya nakala nyingi, jaribu kuipa PDI1 au HAC1 ya ziada. Kwa protini nyingine husaidia, kwa nyingine hapana. Ile ya nakala moja usiitupe, igandishe.