Jeki isilale chini ya magunia: kupanga vifaa kwenye gari la kila siku linaloingia porini

Gari langu ni Prado ya dizeli. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linaenda sokoni au stesheni kuchukua mzigo, na mara mbili au tatu kwa wiki linatoka Kigoma mjini kwenda vijiji vya Uvinza na Kasulu, maana kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima. Sina gari jingine. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu mwenye gari moja linalobeba familia, zana na mzigo wa njiani kwa zamu, na wakati mwingine vyote kwa pamoja.

Kabla hujanunua hata bolti moja, shika hili: kifaa kinapangwa kufuata wakati utakapokihitaji, aina yake inakuja baadaye. Mimi lilinifunza tope la njia ya Ilagala. Ilikuwa Machi, saa mbili usiku, narudi kuelekea Simbo, mvua haijakatika tangu alasiri. Gurudumu la nyuma kushoto likazama mpaka ekseli ikagusa ardhi. Jeki ninayo, koleo ninalo, kamba ninayo. Vyote vimelala sakafuni nyuma, vimepangwa vizuri sana, na juu yake kuna magunia mawili ya dagaa, madumu matatu ya mawese, mabomba na sanduku la spana. Tulishusha kimoja kimoja, mimi na kijana ninayefanya naye kazi, tukikanyaga maji. Mfuniko wa dumu moja ukaachia. Nilipoifikia jeki, mikono yangu ilikuwa imelowa mawese na mpini ukawa unaniponyoka kila nikiuzungusha. Kushusha mzigo kulituchukua zaidi ya saa nzima. Kulitoa gari kwenyewe hakukufika nusu saa.

Hatua ya 1: Toa kila kitu

Tandika turubai uani, toa vyote, pamoja na vilivyojificha chini ya siti na mifukoni mwa milango. Azima mizani ya kupimia mazao upime. Watu wengi hawajui gari lao linabeba nini kabla hata ya kuweka mzigo. Mimi nilikuta kilo 94, na ndani yake kulikuwa na spana za pikipiki niliyokwisha kuiuza. Kumbuka pia kwamba maji lita 20 ni kilo 20 kabla ya uzito wa dumu, na dizeli lita 20 ni kama kilo 17. Kisha fungua kitabu cha gari uone uzito wa juu unaoruhusiwa. Uzito huo unahesabu na watu waliokaa kwenye siti.

Ambacho hujakigusa mwaka mzima na hakihusu usalama, kibaki nyumbani.

Hatua ya 2: Gawa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la sekunde: kizimamoto, tochi, kisanduku cha huduma ya kwanza, kisu cha kukatia mkanda wa siti. Fungu la pili ni la kukwama: jeki, ubao wa kuiwekea chini, koleo, panga, kamba ya kuvutia na pete zake za chuma, spana ya magurudumu, pampu ya upepo na kipimo chake, glavu. Pembetatu za tahadhari nazo ziwe humo, juu kabisa. Fungu la tatu ni la kazi na malazi: zana, vipuri, jiko, chandarua, godoro.

Fungu la tatu ndilo kubwa, na ndilo lisilo na haraka. Kosa la karibu kila mtu ni kulipatia fungu hili nafasi nzuri kwa sababu tu ni kubwa.

Hatua ya 3: Sakafu ya mbao

Kwenye Prado yangu siti za nyuma kabisa zinakunjwa ubavuni. Nilizifungua nikazihifadhi nyumbani, na matundu ya bolti zake ndiyo yaliyoshika sakafu mpya. Tafuta matundu yaliyopo kabla ya kufikiria drili. Chini ya sakafu ya nyuma kunaweza kuwa na tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya, na fundi asiyejua anaweza kutoboa kimoja kwa sekunde moja. Ukilazimika kutoboa, lala kwanza chini ya gari na tochi uangalie kwa macho yako.

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Seremala wa hapa atakushawishi uweke mkurungu, kwa kuwa anaupata na unapendeza. Ni mbao nzuri ya kitanda. Kwenye gari inakula kilo ambazo ungezitumia kubeba maji. Pima sakafu kwa boksi la karatasi lililokatwa na kujaribiwa mpaka likae sawa, kisha ndipo msumeno uguse ubao. Paka varnishi pande zote, hasa kingo, kwa sababu maji huanzia hapo kuingia. Bolti zifungwe kwa nati zenye plastiki ndani, maana barabara ya changarawe inalegeza nati za kawaida.

Hatua ya 4: Masanduku mawili, usizidishe

Nilitengeneza masanduku mawili ya plaiwudi ya milimita 12, yaliyokaa sambamba kutoka mgongo wa siti ya kati hadi mlango wa nyuma. Kila moja lina droo. Sikuweka reli za chuma zenye gololi. Vumbi jekundu la kwetu linaingia hata mlango ukiwa umefungwa, na likichanganyika na grisi ya reli linakuwa kama msasa. Droo zangu zinateleza juu ya vipande vya mbao vilivyosuguliwa mshumaa. Kila baada ya miezi miwili napitisha mshumaa tena, basi.

Vizito vikae chini, karibu na mgongo wa siti. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unanyanyua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinawamulika macho wanaokuja mbele yako. Juu ya keria weka vyepesi tu. Kilo 60 darani huzisikii kwenye lami, utazisikia gari likiinama ubavu kwenye korongo.

Hatua ya 5: Mahali pa fungu la kukwama

Hapa nakuomba usome taratibu, ndipo wengi tunapokosea. Ushauri wa kawaida ni kuweka jeki na kamba karibu na mlango wa nyuma. Sasa fikiria gari limerudi kinyumenyume mtaroni, mgongo umeegemea ukingo wa udongo. Mlango wa nyuma wa Prado unafunguka kwa kando, kama wa nyumba. Haufunguki hapo hata ufanye nini.

Kwa hiyo fungu hili nimelipasua. Jeki, ubao wake na spana ya magurudumu viko kwenye mfuko wa turubai nyuma ya siti ya mbele ya abiria, umefungwa kwa mkanda kwenye miguu ya siti. Unafikika kwa mlango wa kushoto na wa kulia. Kamba na pete zake ziko kwenye mfuko wa pili pembeni yake. Koleo na panga viko ndani ya ubavu wa kulia nyuma, vimeshikwa kwa vibano, panga likiwa na ala. Naweza kuvifikia nikiinama juu ya siti ya kati, hata mlango wa nyuma ukigoma.

Ubao wa jeki usiudharau. Kipande cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4, ndicho kinachozuia jeki isizame tope badala ya kunyanyua gari.

Kizimamoto cha poda cha kilo 1 kimefungwa kwa bano la chuma mbele ya siti ya dereva, hakigusani na pedali. Kila mwezi nakipindua na kukitikisa, kwa kuwa mtikisiko wa barabara unaigandamiza poda chini, halafu naangalia mshale uko kwenye kijani.

Hatua ya 6: Funga

Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Likisimama ghafla, sanduku la spana lisilofungwa linaendelea na mwendo uleule, na mbele yake kuna vichwa vya watoto wako. Vipande vya mpira wa tyubu, hivi tunavyofungia mizigo kwenye baiskeli, vinafaa kwa blanketi na godoro. Kwa kitu kizito havifai, vinavutika. Tumia belti za racheti, yaani mikanda ya mzigo inayokazwa kwa mpini, zilizonasa kwenye pete zilizofungwa kwa bolti hadi kwenye bodi la gari. Pete iliyopigwa skrubu kwenye plaiwudi peke yake itang'oka.

Hatua ya 7: Vimiminika

Petroli haisafiri ndani na watu, hata dumu likiwa limefungwa vipi, mvuke wake unatoka. Mawese nayaweka ndani ya karai pana la plastiki, nimekaza kipande cha nailoni chini ya kila mfuniko. Asubuhi ya baridi mawese yanaganda na dumu linaonekana salama. Saa saba mchana yameyeyuka na yanatafuta tundu. Dagaa wakavu wakae ndani ya ndoo yenye mfuniko, la sivyo Jumatatu watoto watanusa shuleni.

Hatua ya 8: Jaribu gizani

Usiku, zima taa za uani, mpe funguo mtu mwingine wa nyumbani anayeliendesha gari. Mke wangu nilimwambia neno moja tu, "Jeki." Mara ya kwanza alichukua dakika sita na akaniita mara mbili. Nilihamisha mfuko, nikaushonea utepe mweupe kwenye mpini. Mara ya pili alitumia sekunde 40 bila kuniuliza chochote, akaiweka chini ya gari na kuniambia, "Baba Neema, sasa hivi nikienda Kasulu peke yangu sina wasiwasi." Sikuuhamisha tena.