Mambo ya kuzingatia kabla hamjaanza kupima wanafunzi wenu wanatoka na nini chuoni

Mwaka huu nimeulizwa na walimu watatu, wawili wa hapahapa Tanga na mmoja wa Bagamoyo, wanataka chuoni kwao waanzishe mpango wa kupima matokeo ya ujifunzaji. Yaani sio mwanafunzi kapata maksi ngapi, ni akitoka getini anaweza kufanya nini. Naandika hapa mara moja ili kila mtu asome. Mimi nafundisha umeme wa majumbani, chuoni kwetu tulianzisha huu mpango vibaya na kuna mtu alikaribia kufa, kwa hiyo msomeni mtu aliyeona.

La kwanza, mjue mnampimia nani. Kama mnafanya kwa sababu wakaguzi wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, wanakuja mwezi ujao mtaishia kutengeneza mafaili. Mitaala ya umahiri mnayo tayari, haya mambo yana umri, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya 1994 na NACTE kwa sheria ya 1997 kabla haijabadilishwa jina kuwa NACTVET, kwa hiyo karatasi hazijawahi kuwa shida yetu. Na msiharakishe. Kule Marekani, California, bodi ya ithibati ya vyuo vya jamii iliingiza hili sharti kwenye viwango vyake vya 2002 na vyuo vikapewa mpaka 2012 kufika kiwango kilichotakiwa, miaka kumi hiyo. Anzeni na kozi moja, kozi moja tu, tena ile yenye walimu wanaoelewana.

Sentensi zenu za matokeo zipitieni, kila penye "kuelewa" na "kufahamu" futeni, huwezi kumuona mtu anaelewa. Andikeni kitendo: kufunga, kupima, kukata, kueleza kwa mteja. Ngazi za ujifunzaji za Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, za 1956 na marekebisho yake ya 2001 zinasaidia hapo, zina vitendo vimepangwa kuanzia kukumbuka mpaka kubuni. Matokeo yawe matano sita kwa kozi nzima, mkiandika thelathini hakuna atakayepima hata matatu.

Halafu chukueni karatasi kubwa, matokeo upande mmoja, masomo upande mwingine, kila kisanduku muandike hapa linaanzishwa, hapa linafanyiwa mazoezi, hapa linapimwa. Fanyeni walimu wote mkiwa chumba kimoja. Mtakuta kuna kitu watu watatu wanakifundisha na hakuna anayekipima, kila mmoja anajua mwenzake anapima.

Maksi za mtihani sio jibu, hilo lieleweni mapema. Mwanafunzi mwenye 68 yawezekana 68 yake ni kuhudhuria, ni daftari safi, ni maswali ya kukariri sheria ya Ohm, na waya hajawahi kuushika vizuri.

Sasa hili linalofuata ndio sababu naandika.

Tulikuwa na fomu nzuri sana, imechapwa, ina nembo ya chuo. Mstari wa saba unasema "Anaweza kufunga soketi ya ukutani", pembeni ndiyo au hapana. Mwalimu anazunguka karakana anaweka tiki. Mwisho wa mwaka tukajumlisha, darasa karibu lote ndiyo, tukapeleka kwenye kikao, wakuu wakafurahi na sisi tukafurahi. Miezi kadhaa baadaye napigiwa simu mchana, kijana wetu aliyemaliza alikuwa amefunga umeme kwenye nyumba moja huku Makorora, mama mwenye nyumba amepigwa shoti na friji, ametupwa chini, mkono hauna nguvu. Nikapanda baisikeli nikaenda. Mama nimemkuta amekaa kibarazani amefungwa khanga begani, anatetemeka bado, binti yake anampepea. Alipona alhamdulillah, ila siku ile hakuna aliyekuwa na uhakika.

Nikazima meni swichi nikafungua soketi ya friji. Waya wa kahawia upo, wa bluu upo, wamekazwa vizuri kabisa. Waya wa kijani na njano, ule wa ethi, umekatwa na kukunjwa nyuma ya boksi, haujafungwa popote. Nikafungua ya sebuleni, hivyohivyo. Ya chumbani hivyohivyo. Wasiofanya kazi hii nielezee kidogo, soketi bila ethi inafanya kazi, simu inachaji, pasi inapata moto, hutajua chochote. Siku waya ndani ya friji unapochubuka na kugusa bodi, yaani chuma cha nje cha friji, ndio ethi inatakiwa iuchukue ule umeme ipeleke ardhini na breka ikate, isipokuwepo bodi zima la friji linakaa na volti 230 likimsubiri wa kwanza kulishika, na jikoni sakafu ina maji.

Kijana nikamuita. Hakuwa mzembe, naomba hili mlishike, alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wazuri. Nikamuuliza mwanangu, ethi umeikata kwa nini? Akaniambia, "Mwalimu, ilikuwa inabana kwenye boksi. Na chuoni tulikuwa tunachomeka taa, ikiwaka umepita."

Nilirudi chuoni nikatoa fomu yake kwenye kabati. Mstari wa saba, ndiyo. Saini yangu.

Jumamosi iliyofuata tukachukua ubao wa mazoezi, soketi mbili, swichi moja, taa moja, kwenye soketi moja nikaacha ethi nje makusudi. Walimu wanne, kila mmoja anaingia peke yake na fomu yake, anatoka haongei na mwenzake. Wawili wakasema ndiyo. Mmoja hapana. Wa nne akasema hawezi kusema mpaka apate mita, na mita stoo ilikuwa haina betri. Watu wanne, ubao mmoja, fomu moja. Kwa hiyo zile takwimu zetu tulizopeleka kikaoni zilikuwa zinapima mwalimu gani alikuwa zamu, sio mwanafunzi anaweza nini.

Hivyo kabla hamjakusanya namba hata moja fanyeni hili zoezi, kazi moja walimu wote waipime bila kuonana, halafu mkae mbishane. Sisi tulibishana mpaka adhuhuri na kile tulichokubaliana ndio kikawa vigezo: waya wa ethi umefungwa kwenye pini yake na ukivutwa kwa mkono hautoki, mwanafunzi amepima mwendelezo, yaani waya haujakatika popote, kwa mita kabla ya kuwasha na anasema kwa mdomo wake anapima nini, ganda la waya limepimwa kwa mega, kipimo cha kuona kama ganda linavujisha umeme, ya volti 500 na usomaji haujashuka chini ya megaomu 1. Na mambo ya usalama hayaingii kwenye wastani. Asiyefunga ethi hajafaulu hata kama mengine yote kapata, anarudia, hamna kumwambia amepata tisa kwa kumi maana hiyo moja ndio inaua. Kwa ushonaji labda kola iliyopinda mtaipa nusu maksi sawa, lakini umeme, gesi, breki za gari, dawa, kaeni mkubaliane ni vitu gani havina nusu.

Baada ya hapo mengine ni ya kawaida ila msiyapuuze. Lugha: karatasi ikiwa ya Kiingereza na kijana kashindwa swali, muulizeni lilelile kwa Kiswahili mbele ya ubao kabla hamjaandika hana umahiri, nimeona wengi wanashindwa sentensi sio umeme. Walimu wa muda: wanakuja wanafundisha wanaondoka, na wao ndio wana wanafunzi wengi, waiteni kwenye kikao cha vigezo na muwalipe nauli na siku yao. Vifaa: msiandike kigezo cha mega kama mega hamna. Wenye kazi: waiteni mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanaopokea vijana wenu wa fildi waje waangalie vigezo, watawaambia vitu ambavyo nyie karakana mmeshavisahau.

Matokeo yakitoka msiyatumie kumsema mwalimu mbele ya wenzake. Mkifanya hivyo mara moja tu mwaka unaofuata kila mtu ataweka ndiyo, na nyie hamtajua tena. Yarudisheni kwenye kikao cha idara, muulize tunabadilisha nini muhula ujao, andikeni kitu kimoja na jina la anayekifanya na tarehe. Sisi tuliandika kuongeza wiki mbili za kupima kabla ya kuwasha, tukatoa wiki mbili za nadharia, kukawa na kelele, tukavumilia.

Msianzie wiki ya mitihani. Msimpe mtu mmoja kazi yote, akihama imekufa. Fomu za zamani msichome. Picha za kazi za wanafunzi pigeni na kuziweka kwa tarehe, na soketi ipigwe ikiwa imefunguliwa, ya kifuniko haionyeshi kitu. Na betri za mita mnunue mapema.