Rafiki yako Mchina akisema kifua kinabana

Nilisomea udaktari Changsha, mkoani Hunan, na wadogo zangu wanaokuja kusoma China huniuliza: mbona wenzetu hawa wakiumia moyoni hawasemi? Wanasema sana. Sikiliza wanavyouzungumzia mwili.

Jirani yako bwenini akilalamika kuwa hapati usingizi, kifua kinabana, kichwa kizito, usiishie kumpa Panadol. Muulize: unakula? Unaamka saa ngapi? Yalianza lini? Ukifika kwenye "lini", mara nyingi habari za mtihani au za mama anayeumwa kijijini hujitokeza zenyewe. Katika tiba ya jadi ya Kichina hasira makazi yake ni ini, huzuni mapafu, woga figo, na mawazo mengi wengu. Kwa hiyo anayekutajia mwili hajakuficha kitu.

Changsha hapahapa, mwaka 1980, daktari wa akili Mmarekani Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa neva. Walilalamikia kichwa, kizunguzungu, kukosa usingizi. Kati yao, 87 aliwakuta na sonona. Kumbuka na nyakati zenyewe: Mapinduzi ya Utamaduni, ile miaka ya misako ya kisiasa chini ya Mao, yalikuwa yamekwisha mwaka 1976 tu, na mtu aliyekiri kukata tamaa angeweza kuonekana ana kasoro ya kisiasa. Kuumwa kichwa hakukumtia mtu matatani.

Usimhoji mbele za watu. Mtoe nje, mtembee taratibu kando ya mto Xiang, bega kwa bega. Akinyamaza, nyamaza naye. Mpelekee maji ya moto, uji, matunda yaliyokwisha kumenywa. Wazazi wengi wa huko wakishagombana na mtoto hawaombi radhi kwa mdomo. Wanamwekea mezani sahani ya matunda waliyoyakata wenyewe. Ukiwekewa wewe, tafadhali kula.

Usiwaweke wote kapu moja, lakini. Vijana wengi wa sasa wanayaandika ya moyoni waziwazi kwenye WeChat, mtandao wao wa kutumiana ujumbe.

Akigusia kwamba amechoka kuishi, hapo acha upole wa kuzungukazunguka. Muulize moja kwa moja, usimwache peke yake, na mwite mwalimu mlezi usiku huohuo. Ipo pia 12356, namba ya taifa ya msaada wa afya ya akili. Kichina chako kikiwa hakitoshi, mwenzake wa chumba apige, nawe ukae pembeni yake.