Kabla hujavunja kigae kimoja: kufufua bwawa la kuogelea la zamani Dodoma

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, nyumba nyingi za zamani zimepata wenyewe wapya, na baadhi yake zina bwawa la kuogelea huko nyuma, karibu na ukuta. Nililolikuta mimi lilikuwa na majani ya mwarobaini hadi kwenye ngazi, vyura, na tairi la baiskeli. Nikafanya kosa la wengi, nikamwita fundi marumaru. Alikuja, akapima, akanipa hesabu ya boksi za vigae na mifuko ya gundi, na baada ya wiki tatu bwawa lilikuwa linang'aa. Nikamlipa chake chote. Tukajaza. Kufikia Jumapili ya pili maji yalikuwa yameshuka hadi usawa wa taa, yakasimama hapohapo. Bomba linalopitisha waya wa taa lilikuwa limepasuka, nalo lilikuwa nyuma ya vigae vipya.

Kwa hiyo anza na maji. Marumaru zitasubiri.

Kama bwawa lako bado linashika maji, hata ya kijani, usilikaushe kwanza. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya juu ili sehemu kubwa iwe imezama. Chora mstari kwa kalamu ya maka ndani ya ndoo, na mwingine nje kwenye usawa wa maji ya bwawa. Acha saa 24 pampu ikiwa imezimwa, kisha rudia saa 24 nyingine ikiwa inafanya kazi. Kilichopungua ndani ya ndoo kimechukuliwa na jua na upepo. Kilichopungua zaidi nje kimevuja. Kipimo hiki hapa kwetu ni muhimu kuliko Dar, maana kiangazi cha Dodoma hukausha maji kwelikweli, na bwawa zima lisilo na tatizo linaweza kukutisha bure.

Fanya na hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina uso wa mita za mraba 32, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 320, yaani ndoo 16. Likivuja sentimita moja kwa siku, kwa mwezi umemwaga karibu boza zima la lita 10,000. Katika mji ambao maji yake ya bomba kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na mgawo tunaujua sote, hiyo si hasara ya kuivumilia.

Namna maji yanavyopungua nayo inasema kitu. Yakishuka haraka zaidi pampu ikiwa inafanya kazi, shuku bomba linalorudisha maji bwawani. Yakishuka sawasawa, pampu iwe imewashwa au imezimwa, shuku ukuta na sakafu. Yakishuka hadi mahali fulani na kusimama, tafuta tundu kwenye usawa huo: mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta takataka juu ya maji), taa, kiungio cha bomba. Subiri maji yatulie, dondosha wino kidogo karibu na unapopashuku, utauona ukivutwa ndani ya ufa kama moshi.

Ukishajua linavuja wapi ndipo ufikirie kulikausha, na hapo kuna mtego. Watu husema Dodoma ni kame, chini hakuna maji. Huenda ni kweli maji ya asili yako chini sana. Lakini bwawa lililovuja miaka kumi limejaza udongo wa pembeni yake, na kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, maji hayo hayaendi popote. Ukiondoa maji ya ndani, ya nje yanasukuma. Sakafu inaweza kupasuka, au bwawa zima kunyanyuka. Chimba shimo la majaribio upande wa kina kirefu, liende chini kuliko sakafu ya bwawa ukiweza, uangalie kesho yake kama limeingia maji. Likiingia, usikaushe mpaka umeyavuta hayo. Uliza pia kama sakafuni kuna valvu ya kupunguza msukumo. Mabwawa mengi ya zamani hayana, na ukarabati ndiyo nafasi ya kuiweka.

Maji unayoyatoa usiyaelekeze kwa jirani wala kwenye shimo la choo. Acha kuweka klorini siku kadhaa, jua litaimaliza, kisha mwagilia miti. Kama bwawa lilikuwa likijazwa kwa maji ya kisima cha chumvi, usimwage yote kwenye bustani ya mboga.

Msimu nao una ubishi wake. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, kwa hiyo kazi ya zege na lipu ifanyike kiangazi. Mei na Juni ndiyo miezi ninayoipenda mimi: mvua imeisha, upepo mkali wa Agosti hadi Oktoba haujaanza. Upepo ule ukikuta lipu mbichi unainyonya kabla saruji haijashika, na nyufa kama utando wa buibui zinatokea siku hiyohiyo. Ukilazimika kufanya kazi wakati huo, lipu ipigwe alfajiri, ifunikwe kwa magunia yaliyolowa, na apatikane mtu wa kuyamwagia maji. Mtu huyo alipwe kwa kazi hiyo. Ukimwachia mlinzi aongezee tu kwenye shughuli zake, saa nane mchana utayakuta magunia yamekauka kama chapati ya jana.

Bwawa likiwa tupu, ingia ndani na sarafu ya shilingi 200, ugonge vigae kimoja kimoja. Kinacholia kikavu kimeshika. Kinacholia kama debe kimeachia nyuma. Vikiwa vichache, badilisha hivyo. Vikiwa ukuta mzima, bandua vyote, kwa sababu kubandika juu ya kilichoachia ni kununua tatizo lilelile kwa bei mpya. Angalia pia michirizi ya kahawia. Hiyo ni nondo inaoza, na kabla ya kuziba lazima zege livunjwe mpaka ionekane nondo safi. Utando mweupe kwenye mstari wa maji ni chokaa ya maji yetu magumu. Hutoka kwa asidi iliyopunguzwa makali, ila asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi, na isikaribiane na klorini hata kwa bahati mbaya. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoua. Fundi aliye ndani ya shimo la mita mbili hana pa kukimbilia.

Mabomba yapimwe kwa msukumo kabla ya chochote kufunikwa: ziba mdomo mmoja, weka geji mwingine, angalia nusu saa kama mshale unashuka. Kama ni ya chuma, badilisha yote sasa. Mchanga wa chujio hubadilishwa kila miaka mitano hadi saba, na huo uliokuwemo kabla hujahamia, toa tu bila mjadala. Midomo ya kufyonza maji sakafuni iwe miwili iliyoachana, yenye vifuniko visivyoweza kunasa nywele za mtoto. Mabwawa ya zamani yalikuwa na mmoja.

Kwenye umeme sina utani. Taa ziwe za volti 12, pampu ipite kwenye swichi inayojikata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na chuma chote kilicho karibu, ngazi na vishikio, kiunganishwe na ethi, waya unaopeleka umeme ardhini. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni. Kijana aliyekufungia feni hajatosha.

Nje ya bwawa, sakafu iinamie mbali na maji, sentimita mbili kwa kila mita, vinginevyo vumbi jekundu lote la uani litaoshewa bwawani mvua ya kwanza. Vigae vya ukingoni viwe vya kukwaruza. Zile marumaru za sebuleni zikilowa ni sabuni. Mwarobaini usiukate kwa hasira, kivuli chake kinapunguza maji kukauka, lakini kama shina liko mita moja au mbili kutoka ukutani, mizizi itakuwa imeshafika. Upande unaotoka upepo weka ukuta au michongoma. Na uzio wa bwawa lenyewe, mita 1.2 kwenda juu na geti linalojifunga, ujengwe mwanzo wa kazi. Watoto wa jirani huja kuangalia mafundi, na shimo tupu lenye maji ya mvua sentimita 40 linatosha kuzamisha mtoto.

Kama unabadilisha umbo, unaongeza kina au unajenga chumba cha pampu, pita ofisi ya jiji uulize kibali. Mkataba na fundi uandikwe, hata ukurasa mmoja, vifaa vikitenganishwa na ufundi. Zuia sehemu ya malipo mpaka bwawa lijazwe na kukaa siku saba likiwa na lipu tupu ya kuzuia maji, kabla ya kigae cha kwanza. Fundi wangu wa pili alinuna niliposema hivyo. Siku ya tano akaja mwenyewe kuangalia mstari, akasema, "Mama, hapa nimelala usingizi."

Maji ya kujazia yatafutwe mapema. Mita 8 kwa 4 kwa kina cha wastani cha mita 1.5 ni lita 48,000, boza tano za lita 10,000. Uliza kila boza linachota wapi, chovya kidole, onja. Ukisikia chumvi, rudisha. Pima upana wa geti na urefu wa mpira wa boza, maana boza langu la kwanza lilikwama kwenye kona ya mtaa na mpira ukaishia jikoni. Ukijazia bomba, soma mita kabla na baada, na tofauti hiyo uiandike kwa maka ukutani kwenye chumba cha pampu. Ndiyo ujazo wa bwawa lako, utakaoutumia kila unapopima klorini ya kuweka.