Boila ya gesi imegoma? Anza na geji

Boila inayopasha moto maji ya redieta (vyuma vya kupasha joto vyumba) ikigoma, mimi kabla sijashika bisibisi naangalia geji ya presha ya maji. Boila ikiwa imepoa, mshale usimame kati ya baa 1 na 1.5. Ukishuka sana, boila nyingi hujizima zenyewe. Fungua valvu ya kujazia maji taratibu, ukifika 1.5 funga. Ila ukijaza leo na wiki ijayo umeshuka tena, acha kujaza; kuna mahali panavuja. Pitisha tishu kavu kwenye kila maungio. Mimi nililaumu pampu wiki mbili nzima, kumbe tone lilikuwa likidondoka nyuma ya redieta ya chumbani, na zulia linalinywa lote.

Mshale ukikimbilia 3 maji yakipata moto, na bomba la nje likamwaga maji, shuku tangi la upanuzi, lile lenye hewa ndani linalopokea maji yanapotanuka kwa moto: huenda hewa yake imeisha.

Redieta ina moto chini, baridi juu? Hewa hiyo. Zima, ngoja ipoe, legeza skrubu ya juu huku umeshika kitambaa; itafanya "sss" mpaka maji yatoke. Kisha rudi kwenye geji. Baridi ikiwa chini, ni tope lililotuama ndani.

Haiwaki kabisa? Usicheke, angalia betri za themostati (kidude cha kupangia joto) kwanza.

Kifuniko cha boila sikifungui. Nikiona moto wa njano au masizi, nazima, nafungua madirisha, natoka nje na kumwita fundi mwenye leseni. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Gesi yenyewe ikinuka, usiguse swichi yoyote.