Namna ya kukagua mwamba wa shaba ulio porini kabla ya kuchimba duara (shimo la mgodi)

Kijani kwenye jiwe ndicho kinachowavuta watu porini, na ndicho kinachowatia hasara. Malakaiti, madini ya kijani ya shaba, ikiwa safi ina shaba asilimia 57 hivi. Lakini ikiwa imepaka ufa kwa unene wa ganda la yai, jiwe zima huenda lisifike hata nusu asilimia. Basi anza kwa kuvunja: nyundo ya kilo 2, jiwe likatike pasipo na ufa, kisha utazame ndani. Kijani kikiwa nje tu na ndani kijivu kitupu, umeokota rangi.

Kuna mawe ya kijani yasiyo na shaba kabisa, hasa epidoti na kloraiti. Epidoti ni ngumu, kisu hakiikwaruzi, malakaiti hukwaruzika. Kloraiti ni laini na hubanduka kwa magamba. Ukibaki na shaka, tumia asidi ya haidrokloriki. Ile ya dukani ya asilimia 30 na kitu ipunguzwe kwa kumimina kipimo kimoja cha asidi ndani ya vipimo vitatu vya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa miwani na glavu. Twanga jiwe liwe unga, weka kijiko kimoja kwenye chupa ya kioo, ongeza asidi kidogo, usubiri dakika 10. Malakaiti itatoa povu na maji yatageuka kijani. Povu peke yake si ushahidi, maana hata chokaa hutoa povu. Chovya msumari wa kawaida usiopakwa zinki, uliosuguliwa kwa msasa: ukivaa wekundu, hiyo ni shaba. Krisokola, madini mengine ya shaba yenye kijani cha kuelekea buluu, haitoi povu lakini msumari huweza kuwa mwekundu pia.

Kipimo hiki kina kasoro moja kubwa: hakiioni kalkopairiti, madini ya shaba, chuma na salfa, kwa sababu asidi nyepesi haiiyeyushi. Hiyo itambue kwa jicho na kisu. Ni ya manjano ya shaba nyeupe (brasi), mara nyingi ina madoa ya zambarau, na kisu huikwaruza; pairiti, madini ya chuma na salfa yanayofanana nayo, haikwaruziki. Isugue kwenye mgongo wa tailizi isiyong'arishwa: huacha unga mweusi wa kijani. Usiidhanie dhahabu: dhahabu huacha unga wa manjano, na ukiigonga hutandazika badala ya kuvunjika.

Sasa tazama mwamba wenyewe umekaaje. Juu kabisa huwa kuna kofia ya chuma: jiwe la kahawia, jepesi, lenye vitundu kama masega ya nyuki. Vitundu hivyo ni makazi ya salfaidi (madini yenye salfa) zilizooza. Hapa wengi hukosea. Pairiti nyingi ikioza hutengeneza asidi, nayo huyeyusha shaba na kuishusha chini, kwa hiyo kofia inaweza isiwe na kijani hata chembe na bado chini kukawa na mali. Shaba iliyoshuka hutulia karibu na usawa wa maji ya ardhini kama kalkosaiti: nyeusi, nzito, shaba karibu asilimia 80. Chini zaidi ndipo kalkopairiti yenyewe, asilimia 34 hivi. Kwenye miamba yenye chokaa, asidi hufifishwa mapema na malakaiti hubaki juu kwa wingi. Kijani kingi juu ya mwamba wa chokaa, kwa hiyo, hakiahidi utajiri chini.

Mfereji wa majaribio ukate mshipa (ukanda wa mbale, yaani jiwe lenye madini, ndani ya mwamba), usiufuate. Upana wa sentimita 80 unatosha, kina hadi mwamba mgumu. Ukizidi mita 1.5 weka mihimili, na kifusi kikae mita moja kutoka ukingoni. Pima mwinamo: mshipa ulioinama nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi ukionekana na upana wa mita 2 kwenye mfereji wa ardhi tambarare, unene wake halisi ni mita 1 tu.

Sampuli ichukuliwe kwa tindo, mkondo wa upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mita moja hutoa kilo 4 hivi. Anza mkondo mpya kila mwamba unapobadilika. Mshipa usichanganywe na ukuta wake, yaani mwamba ulio pembeni yake, na ukuta upimwe mita moja kila upande. Weka namba mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje, maana ya nje hufutika. Kuchagua vipande vya kijani ni kujidanganya kwa gharama ya maabara. Maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, au nyingineyo, iombe shaba yote na pia shaba inayoyeyuka kwa asidi, kwa sababu uchenjuaji (kutenga shaba na jiwe) wa kijani si ule wa kalkopairiti. Ongeza fedha, dhahabu na risasi. Mishipa ya Mpanda, Katavi, hubeba galena (mbale ya risasi) pamoja na shaba, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mahali kama hapo, vumbi la kutwanga ni sumu: lowesha mawe, vaa barakoa, usilambe jiwe.

Majibu yakija, hesabu kwa upana utakaochimba. Mshipa wa sentimita 30 wenye asilimia 6, ukichimbwa kwa upana wa sentimita 90 ili mtu apite, hushuka hadi asilimia 2 ikiwa kuta ni tupu. Lori la tani 30 la mbale hiyo hubeba kilo 600 za shaba, na tani 29 na ushei za mawe unayoyalipia nauli. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono hufanyika mdomoni mwa duara, kabla ya kupakia.